Gari la kifahari lijalo: betri kubwa au betri ndogo? Tujadili

Mwanzisha mada, Nakuru

Wakuu, hamjambo. Jumamosi nilikuwa kwenye gereji moja hapa Shabab nikisubiri gari lifungwe pedi za breki, na maneno yakaanza. Kijana mmoja alikuwa na picha za Bugatti Tourbillon, gari la kifahari la petroli na umeme, kwenye simu, akauliza: gari la aina hii litakalokuja baada ya hili litakuwa na umeme kiasi gani ndani yake? Kufikia saa sita mchana hakuna aliyekuwa ameshika spana. Wengine betri kubwa, wengine ndogo, na mzee mmoja akasema gari la zaidi ya shilingi nusu bilioni haliwahusu watu wanaotia petroli ya mia tano. Nimekaa na neno la mzee huyo siku tatu. Kwa heshima zote, sikubaliani naye.

Kwanza hali ilivyo, ili tusibishane hewani. Tourbillon lilizinduliwa Juni 2024. Yatatengenezwa 250 tu, kule Molsheim, Ufaransa, bei ikianzia yuro milioni 3.8 kabla ya kodi. Yaliyolitangulia, Veyron na Chiron, yalikuwa na W16, injini ya silinda 16, ya lita 8 yenye turbo nne, yaani vifaa vya kuisukumia injini hewa zaidi. Wengi walikisia kwamba mrithi wao angekuwa wa umeme mtupu, maana kampuni sasa inaongozwa na Mate Rimac wa Kroatia, ambaye aliunda Nevera, gari la umeme lenye nguvu farasi zaidi ya 1,900. Kisio hilo lilianguka. Gari lilipotoka lilikuwa na V16 ya lita 8.3 isiyo na turbo hata moja, iliyoundwa pamoja na Cosworth ya Uingereza, inayozunguka mara 9,000 kwa dakika na kutoa nguvu farasi 1,000. Mota tatu za umeme, mbili mbele na moja nyuma, zinaongeza 800. Betri ni ya kilowati-saa 25 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa), na gari linaweza kwenda zaidi ya kilomita 60 injini ikiwa imelala.

Oktoba mwaka huohuo wakubwa wawili walitoka na majibu mengine kabisa. McLaren W1 lina V8 ya lita 4 yenye turbo mbili, jumla ya nguvu farasi 1,275, lakini betri yake ni kilowati-saa 1.384; kwa umeme peke yake linatembea kilomita 2.6. Ferrari F80 lina V6 ya lita 3, jumla 1,200, betri 2.28, na halina kabisa namna ya kutembea kwa umeme peke yake. Ndani yake umeme ni wa kusukuma tu.

Kwa hiyo mwaka mmoja, magari matatu ya tabaka moja, na betri moja ni kubwa mara kumi na nane kuliko nyingine. Hao si watu wa kubahatisha. Wanabishana kama tulivyobishana sisi Shabab.

Mimi niko upande wa betri kubwa, na nakisia kwamba gari lijalo la daraja hili litafuata njia ya Molsheim. Sababu yangu ya kwanza naipata hapa nilipo. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapumua kwa shida: inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu yake ikilinganishwa na Mombasa. Kila dereva wa Probox anayepanda kuelekea Mau Summit na abiria saba anajua ninachosema, hata kama hajawahi kukisoma popote. Ile V16 ya nguvu farasi 1,000 ikiletwa hapa itabaki na kama 830. Lakini mota ya umeme haivuti hewa. Nguvu zake 800 za Molsheim ni 800 Nakuru na ni 800 Timboroa. Ukitaka injini isiyo na turbo, yenye sauti yake na uhai wake, halafu gari lisinyong'onyee likikanyagwa ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini au likipanda mlima, lazima uipe mwenzake mwenye mapafu yasiyochoka. Na mwenzake huyo anahitaji akiba ya kutosha.

Sababu ya pili ni mteremko. Toka Kericho, takriban mita 2,000, ushuke hadi Kisumu, mita 1,130. Gari linaposhuka, mota zinageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Betri ndogo inajaa katikati ya njia, na yote yanayobaki yanamwagika. Mimi naumia kuona nguvu ikimwagika. Nimelelewa na mama aliyekuwa akikinga maji ya mvua kwa sufuria zote za nyumba, na pipa likijaa anahamia kwenye karai.

Semeni na nyinyi.

Fundi, Kondele

Kaka, umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu ambaye hajawahi kufungua betri hizo. Mimi nazifungua kila wiki.

Gari moja ya teksi ililetwa hapa mwaka jana, haibridi ndogo ya Japani, yaani ya petroli na umeme, taa ya onyo imewaka na injini haizimi hata ikisimama kwenye foleni. Mwenyewe alikuwa ameambiwa kwingine anunue betri nzima. Nikainua kiti cha nyuma. Ameweka vitambaa vipya vya viti, vizuri kabisa, na kimoja kimefunika tundu la hewa la feni ya betri. Kidogo kilichopita kilikuwa kimejaa vumbi na nywele. Joto la Kisumu unalijua. Betri imejipika yenyewe polepole miezi saba. Hiyo ya Aqua, kwa mfano, ina vipande 20 vya volti 7.2 kila kimoja. Viwili vikidhoofika unavibadilisha, baada ya wiki chache kinakufa cha tatu, kwa sababu vyote vilipata homa pamoja.

Sasa wewe unataka betri ya kilowati-saa 25. Hiyo ya Aqua haifiki hata moja. Kila seli unayoongeza ni seli inayoweza kuugua, na inahitaji kupozwa, na kila kinachopoza kinaweza kuziba. Halafu uzito. W1 bila vimiminika ni kilo 1,399. Tourbillon ni 1,995. Tofauti ni kilo 596, zaidi ya nusu ya Aqua nzima. Mtu anayejua gari hajengi uzito halafu akatafuta nguvu ya kuubeba.

Na usisahau Naivasha, ni kaunti yako. Magari makubwa ya Safari Rally yalikuja na haibridi kuanzia 2022: betri ya kilowati-saa 3.9, mota ya kilowati 100. Mwaka 2025 kifaa kikaondolewa, na uzito wa chini wa gari ukashushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180. Kilikuwa kisanduku kilichofungwa, fundi wa timu haruhusiwi kukifungua. Mimi nilisimama kando ya barabara nikaona watu wanasubiri taa ya usalama wa umeme iwe kijani kabla ya kugusa gari iliyokwama mchangani. Kama mbio za ubingwa wa dunia zimekitoa, wewe unakirudisha kwa nini?

Mchangiaji, Milimani, Kisumu

Naomba niwaulize wote wawili swali ambalo hamjaligusa. Hiyo betri ya kilomita 60 ni ya nani? Mwenye Tourbillon ana magari mengine ishirini. Hana shida ya petroli. Mimi naona umeme umewekwa ili V16 ya lita 8.3 ipite mlango wa sheria ambao ungefungwa. Watu wanatuambia dunia inaacha mafuta, huku mwaka 2024 wanajenga injini kubwa kuliko ile waliyoiacha. Sisi tunaoagiza gari la lita 1.5 lililotumika tunatozwa ushuru kwa ukubwa wa injini, na gari likipita miaka minane haliingii bandarini. Hilo ndilo swali la umma. Ukubwa wa betri ni jambo la baadaye.

Mwanzisha mada, Nakuru

Dada, nimekusikia, na sehemu ya ushuru nakuunga mkono kabisa. Lakini kuhusu mlango: sheria ya Ulaya ya hewa ya ukaa inawasamehe waundaji wanaosajili chini ya magari 1,000 kwa mwaka. Anayeunda magari 250 kwa jumla halazimishwi na shabaha hiyo. Kuna sheria nyingine za moshi na kelele, ni kweli, na kuna miji ambako kuingia kimyakimya kwa umeme ni faida. Hata hivyo hakuna aliyewashurutisha kuweka kilowati-saa 25. Wangeweza kuweka mbili kama jirani zao. Walichagua. Ndiyo maana nasema uchaguzi huo una maana ya kihandisi, na unastahili kujadiliwa kama uhandisi.

Fundi wangu, kuhusu Naivasha, umesema kweli tupu na inanichoma. Lakini ulichoeleza ni kisanduku kilichofungwa, fundi asikiguse. Hiyo ni kesi dhidi ya kufuli. Kuhusu uzito sina jibu zuri. Kilo 596 ni nyingi, ingawa V16 na mwili wa gari vina sehemu yao katika hizo.

Hoja ya joto ndiyo nataka mtu wa hesabu aiangalie.

Mwalimu wa fizikia, Kakamega

Nimeitwa bila kutajwa jina, basi nitumikie.

Tuanze na joto. Betri huchoka zaidi kwa kasi inayokamuliwa kuliko kwa ukubwa wake. Mota ya W1 ni ya nguvu farasi 347, sawa na kilowati 255 hivi. Betri ni kilowati-saa 1.384. Kwa hesabu ya karatasi, ukikanyaga hadi chini na kuitumia yote, inakauka kwa sekunde kama 20. Tourbillon: nguvu farasi 800 ni kilowati 588 hivi, betri 25. Inakauka kwa dakika mbili na nusu. Kwa hiyo seli ya betri ndogo inafanya kazi mara saba au nane zaidi ya seli ya betri kubwa, inajaa na kumwagwa bila kupumzika. Fundi, betri unazofungua Kondele ni ndogo, na zinaugua. Je, zinaugua kwa sababu ni betri, au kwa sababu ni ndogo na zinakimbizwa mchana kutwa kwenye foleni kutoka Kibuye hadi Mamboleo? Mimi naona sababu zote mbili zipo.

Sasa mteremko. Hapa namrekebisha mwanzisha mada. Chukua Aqua na watu wanne, kilo 1,400. Mita 870 za kushuka zinakupa nishati ya takriban kilowati-saa 3.3. Lakini kutoka Kericho hadi Kisumu ni kilomita themanini hivi, na upepo na matairi vinakula njia nzima. Ukipima safari yote, mteremko hautoshi hata kulipia msuguano wote. Kinachookoa hoja yake ni kwamba mteremko haukugawanywa sawasawa. Sehemu kali ni ile ya juu, kabla hujafika uwanda wa Awasi na Ahero, ambako barabara ni bapa kama meza. Katika sehemu hiyo kali betri inapokea kwa kasi, na ile ya Aqua, ambayo kompyuta hairuhusu ijae wala iishe kabisa, ina nafasi ya chini ya nusu kilowati-saa. Nakisia itajaa.

Kwa gari la tani mbili na dereva mmoja, mteremko huohuo ni kilowati-saa 5 hivi. Betri ya 25 inameza zote na kuomba nyingine. Ya 1.384 itakataa mapema sana.

Jambo moja la historia, kwa kuwa wengi hudhani kwamba teknolojia ya matajiri hutushukia. Hii haikushuka. Prius iliuzwa Japani Desemba 1997, gari la familia. Haibridi za matajiri, LaFerrari, McLaren P1 na Porsche 918, zilianza kuwafikia wateja 2013. Miaka 16 baadaye. Matajiri walijifunza kutoka kwa gari la kwenda sokoni.

Mwanzisha mada, Nakuru

Mwalimu, hilo la Prius sikuwa nimelifikiria, na limenigeuza kichwa. Kumbe yule mzee wa Shabab angejibiwa hivi: gari hilo linatuhusu kwa sababu lilianza kwetu. Kila dereva wa Fielder ya haibridi anayelala Nakuru usiku huu ameendesha wazo hilo kabla ya mwenye Tourbillon.

Fundi, Kondele

Mwalimu, ahsante. Hiyo hesabu ya sekunde 20 nimeisoma mara tatu. Ni kweli gari zinazokuja kwangu nyingi ni za teksi. Gari ya mtu anayeenda kazini na kurudi, ya umri uleule, betri yake bado ina nguvu. Nilikuwa nadhani ni kwa sababu teksi hazioshwi tundu la feni. Sasa naona kuna jambo la pili.

Lakini sijahama. Betri ya kilo nyingi ikipata ajali, nani ataigusa? Nyaya za rangi ya chungwa nimefundishwa kuziheshimu: unachomoa plagi ya usalama, unasubiri dakika kumi, unavaa glavu, ndipo unagusa. Hiyo ni kwa betri ya volti 144, ambazo mitambo ya gari huzipandisha juu zaidi kwa ajili ya mota. Tourbillon betri yenyewe ni volti 800. Vijana wangu wawili wamejifunza kwa kutazama tu. Mtu akiniambia gari lijalo litakuwa na betri kubwa, mimi nauliza kwanza shule ya kuwafundisha iko wapi. Nakisia betri ndogo, kwa sababu watu wa Ferrari wameshinda mbio nyingi kuliko sisi sote hapa tulivyosafiri.

Mchangiaji, Milimani, Kisumu

Fundi amesema neno ambalo lingekuwa la kwanza. Tuna mvuke wa Olkaria unaozalisha umeme tangu 1981, tuna Menengai inayofuka juu ya Nakuru yenyewe. Umeme wa kuchaji hatuuagizi kwa meli kama petroli. Betri kubwa ya kuchomeka ukutani ina maana zaidi Naivasha kuliko miji mingi ya huko inakouzwa. Betri ndogo inayojazwa na injini peke yake bado ni petroli tu, imepita njia ndefu. Kwa hiyo ingawa sipendi V16, kwenye swali la betri nahamia upande wa Nakuru. Kwenye ushuru siondoki.

Dereva, Kisumu–Nakuru

Nimesoma yote. Mimi ndiye nina Aqua, na jana nilikuwa nashuka kutoka Kericho na abiria watatu, nikaamua kuangalia badala ya kubishana. Kioo cha dashibodi kinaonyesha betri kwa vipande vinane.

Natoka Kericho mjini: vitano. Kapsoit: sita. Nilikuwa nashuka taratibu, gia iko B, ya kushukia mlima, kwenye sehemu kali. Kabla sijafika Kipsitet vimejaa vyote vinane, rangi ya kijani. Kuanzia hapo injini ikaanza kunguruma yenyewe bila mimi kukanyaga chochote. Mama mmoja aliyekaa nyuma akaniuliza, mwanangu, gari lina shida? Nikamwambia halina, halina tu pa kuweka. Lilinguruma hivyo hadi mteremko ulipolegea, na nguvu ya mteremko wote huo sikuipata.

Uwanda wa Ahero betri ikarudi vitano ndani ya dakika chache tu.

Mwalimu, kisio lako limesimama. Fundi, niliinua kitambaa cha kiti nilipofika Kisumu, tundu langu lina vumbi, nakuja kesho asubuhi mapema kabla ya zamu. Na Ijumaa napanda kwenda Nakuru nikiwa na mzigo. Nitaandika hapa vipande vinaishia wapi, kama ni kabla ya Kapsoit au baada.